Tamthilia zinatoka ndani ya nyumba mapema mno

(Haya niliyaongea Bagamoyo mbele ya vijana wanaosoma uigizaji na wazazi waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza salamu tu.)

Wazee wangu shikamooni, mama zangu mliotoka Dunda na Magomeni na Majengo mkaja kukaa na sisi na jua hili ahsanteni sana, na nyie wanangu wa sanaa mambo vipi. Nimeombwa niongelee tamthilia na familia, nikasema sawa, ila nitaongelea familia za aina moja, zile ambazo mtoto au baba au mke ni mtu wa trans, yani mtu aliyezaliwa wakasema huyu wa kiume na yeye anajijua ni mwanamke, au aliyeitwa wa kike na yeye anajijua ni mwanaume. Naona wengine mmeshaanza kuangaliana. Angalianeni tu ila naombeni msiondoke, maana hivi vitu vinaingia sebuleni kwetu kwa king'amuzi na kwa simu za watoto, na kama tunaviangalia basi tunaweza tukaviongea pia.

Niweke sawa kitu kimoja mapema tusije tukavutana huko mbele. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo huwezi kusema moja kwa moja haya ya kike au haya ya kiume, hao wapo na masheikh wanawajua, vitabu vya fiqhi vinawaongelea kabisa kwenye mirathi. Mtu wa trans ni habari nyingine, mwili wake daktari anaweza akauangalia asione utata wowote, ila mwenyewe ndani anajijua vingine. Tamthilia nyingi zinawachanganya hawa wawili, kwahiyo mkikaa kuandika mjue mnamuandika nani.

Sasa. Kule Marekani kuna taasisi inaitwa GLAAD, wao kazi yao kufuatilia jinsi TV na sinema zinavyowaonyesha watu wa namna hii. Mwaka 2012 walikusanya epsodi na vipande vya hadithi 102 vya miaka kumi ya nyuma, vyote vina mhusika wa trans ndani, wakavipitia. Asilimia 54 walikuta wameonyeshwa vibaya. Kwenye asilimia 40 huyo mhusika ni wa kuonewa tu, asilimia 21 ni muuaji au adui wa hadithi, na kazi aliyopewa mara nyingi kuliko nyingine zote ni kujiuza mwili, asilimia 20. Yani mtu kakaa mbele ya TV miaka kumi na alichofundishwa ni kwamba hawa ni maiti, wauaji na malaya.

Lakini mimi hizo namba sikuzileta kwa ajili ya huyo mhusika peke yake. Huyo maiti ana mama yake. Huyo muuaji kuna nyumba alilelewa, ana dada, ana shangazi aliyembeba mgongoni. Hao wako wapi kwenye hadithi? Ukiangalia vizuri utakuta wamepewa sini moja tu, na ile sini ni ileile kila mahali, siri inafichuka, mama anapiga ukunga, baba anatoa mkono, mlango unafungwa, muziki. Ikirudi familia inarudi kwenye msiba. Katikati hapo hamna kitu, na mimi ninachowaambia leo ni kwamba hadithi yote ipo hapo katikati, tamthilia zinatoka ndani ya nyumba mapema mno.

Kuna kijana yupo hapa, kaniruhusu niseme, aliniletea skripti yake ya mwisho wa muhula. Imeandikwa vizuri, ana mkono. Baba anafungua begi la kijana wake wa kiume anakuta dera na wigi, anachukua mkanda ukutani, mama anazimia, majirani wanajaa mlangoni. Sini inayofuata imeandikwa "miaka mitatu baadaye", kaburi. Nikamuuliza mwanangu, asubuhi yake nani alichemsha chai kwenye hiyo nyumba? Kikombe cha yule mtoto kiliwekwa mezani au hakikuwekwa? Ule mkanda nani aliurudisha msumarini? Akanyamaza. Nikamuuliza na lile dera lilikuwa la nani, maana kijana wa miaka 17 hana hela ya dera, akafikiria akasema labda la dada yake. Haya, dada yake alimpa au aliibiwa? Kama alimpa, usiku ule alisema au alikaa kimya kaka yake anapigwa? Akanijibu mwalimu hiyo si sini. Hiyo ndo sini yenyewe mwanangu! Huyo dada aliyekaa kimya nyuma ya pazia na dera ni lake, mimi nikimuona huyo sibadilishi chaneli.

Niwape mfano wa walioweza kukaa ndani ya nyumba. Uingereza kuna tamthilia inaitwa Coronation Street, ipo hewani toka 1960 mpaka leo, ni maisha ya mtaa tu kama mtaa wetu wowote, baa, mgahawa, kiwanda. Mwaka 1998 wakamuingiza mwanamke anaitwa Hayley, akapendana na bwana mmoja mpole mwenye mgahawa, Roy, kisha Hayley akamwambia ukweli kuwa alizaliwa akaitwa wa kiume. Roy alichanganyikiwa, akajitenga, halafu baadae Hayley alipokwenda Amsterdam, Uholanzi, akamfuata mpaka huko. Wangeweza kuishia hapo wakapiga muziki. Hawakuishia, Hayley alikaa kwenye ile tamthilia mpaka Januari 2014, miaka 16! Watu walimuona anakwenda kazini kwenye kiwanda cha kushona nguo za ndani, anagombana na wenzake, analea watoto wa watu, 1999 wakabarikiwa ndoa isiyotambulika kisheria na 2010 ndo wakaoana kisheria maana nchi yao ilipitisha sheria ya kuwatambua mwaka 2004. Mwaka 2007 akagundua ana mtoto wa kiume mtu mzima aliyemzaa zamani kabla hajabadilika, akajitambulisha kwake kwanza kama shangazi, akaogopa kusema, na alipokuja kusema yule kijana akampiga. Mmeiona hiyo? Hiyo inauma kuliko sini kumi za mkanda, kwasababu ilipofika watu walishakula na Hayley kwa miaka tisa, walishamzoea, kwahiyo lile kofi liliwapata na wao.

Mwingine ni Sophia wa tamthilia ya Marekani Orange Is the New Black, imeanza 2013, mtu wa trans aliyefungwa jela. Aliyemuigiza ni Laverne Cox ambaye mwenyewe ni trans, na 2014 akawa mtu wa kwanza wa trans anayejulikana wazi kuteuliwa kuwania Emmy, ile tuzo kubwa ya TV ya Marekani, kwa kuigiza. Mimi pale nilimuangalia zaidi mke wake. Kuna sini ya zamani, kabla ya jela, Sophia anajaribu gauni nyumbani na mke anamsaidia kuchagua, anamshauri hili hapana vaa lile, na huku unamuona usoni mwanamke anampoteza mume na anampenda huyuhuyu mtu aliyesimama mbele yake, vyote kwa wakati mmoja, na mikono inaendelea na kazi. Hakuna anayelia pale. Nyie waigizaji rudieni hiyo sini muone kazi ya mikono. Halafu msimu wa tatu Sophia anakuja kugombana na mfungwa mwenzie kisa watoto wao wa kiume, kila mama anasema wako ndo anamharibu wangu. Ugomvi wa wazazi kabisa, ungeusikia hata hapo bombani.

Na Pose, 2018 mpaka 2021, New York ya miaka ya 80 na 90, weusi na walatino, waigizaji watano wa trans kwenye nafasi kubwa kwa mpigo. Ile imejengwa juu ya vijana waliofukuzwa makwao, mwanamke wa trans anaitwa Blanca anafungua nyumba anawakusanya, anawapikia, anawapeleka shule, wanamuita mama. Wengi huwa wanaipenda kwa zile nguo na mashindano ya kucheza. Mimi iliyonikaa ni ile epsodi mama mzazi wa Blanca anakufa, Blanca anakwenda msibani na ndugu zake wa damu hawamtaki pale. Mwenye nyumba nzima ya watoto, kwenye msiba wa mama yake mzazi anasimama kama mgeni.

Hapa wanangu naomba mnisikilize vizuri, maana msiba sisi ndo kwetu. Kama kuna mahali waandishi wa pwani tungeweza kuandika kitu ambacho Mmarekani hawezi ni hapo. Mtoto wa trans kafariki, maiti ipo ndani, watu wamejaa barazani. Nani anaingia kuosha, wanaume au wanawake? Sanda inakatwa vipande vitatu au vitano? Imamu anasimama usawa wa kichwa au usawa wa kiuno? Jina gani linatajwa msikitini? Mimi si sheikh na sijaja hapa kuwapa jibu, wenye elimu wapo waulizwe. Ninachosema ni kwamba familia yenye mtoto wa namna hiyo inalala na hayo maswali miaka na miaka mtoto akiwa mzima wa afya, mama anayawaza akiwa anachambua mchele, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kumuuliza.

Mzee mmoja mbele pale alinikatisha hapa akasema mwanangu haya si mambo ya Wazungu? Nikamwambia mzee wangu swali lako ni halali kabisa na wengi wanalo. India, chaneli ya Colors, kuanzia 2016 mpaka 2021 walionyesha tamthilia inaitwa Shakti, zaidi ya epsodi 1,000, bibi harusi anaitwa Soumya ambaye ni kinnar, yani wale ambao India wamewajua enzi na enzi kuwa si waume si wake kama wengine. Mama yake alimficha siri toka utotoni, baba hakumtaka, akaolewa, mumewe akajua na akabaki nae. Na ndani mle kuna mama mkwe, kuna mawifi, kuna fitina za jikoni, si ndo hizohizo mnazozifuatilia jioni nzima? Pakistan, nchi ya Kiislamu, chaneli ya ARY Digital walionyesha Khuda Mera Bhi Hai kuanzia 2016, huyu sasa si trans, ni huntha niliyemtaja mwanzo, ila nyumba ni ileile, mama kazaa mtoto huntha, ukoo unamlazimisha amtoe akalelewe na wengine, mama kagoma. Brazil kwenye tamthilia ya chaneli ya Globo ya 2017, A Força do Querer, binti wa tajiri anayeitwa Ivana anakuja kuwa Ivan, na mama yake alikuwa amemlea kama mwanasesere, nywele na magauni, kwahiyo mtoto anapozikata zile nywele mama anaona kakatwa yeye. Na Iran, Khomeini mwenyewe, aliyekuwa kiongozi mkuu wa nchi ile, miaka ya 80 alitoa fatwa ya kuruhusu mtu wa namna hii afanyiwe operesheni, wanazuoni wengine hawakubaliani nae na wana haki yao, ila ndo ukweli wa historia. Mzee akasema kumbe. Nikamshukuru kwa kuuliza maana wengine wanaondoka nalo moyoni.

Nirudi nyumbani. Sisi hapa mwanamke mzima akishazaa jina lake linazama, anaitwa kwa mtoto wake. Tumuite Mama Shabani. Miaka ishirini mtaa mzima unamuita Mama Shabani, kwenye daftari la kikoba kaandikwa Mama Shabani, dukani anapokopa sukari Mama Shabani, kwenye simu za watu Mama Shabani. Siku mtoto anamwambia mama mimi niite Zuhura. Mama Shabani anakuwa nani? Akipita mtu barabarani akaita "Mama Shabani!" aitike? Akiitika kamkana mtoto, asipoitika mtaa unauliza kulikoni. Hii kitu haipo kwenye tamthilia yoyote ya nje niliyoiona kwasababu wao mama ana jina lake. Waliokaribia ni Transparent, tamthilia ya Marekani ya 2014, pale mzazi ndo aliyebadilika, profesa mstaafu, na watoto wake watatu watu wazima wakabaki wanatafuta watamuitaje, hawawezi kumuita baba tena na mama wanaye tayari, wakatengeneza jina lao la nyumbani, Moppa, yani mama na baba vimechanganywa kwa Kiingereza. Aliyeiandika alichukua kwao, mzazi wake mwenyewe alibadilika. Inaonekana, hiyo kitu ya jina hawezi kuibuni mtu aliyekaa nje ya nyumba.

Nina mama ninayemfahamu, mtaa sitautaja wala mji sitautaja, ana mtoto wa hivyo aliyehamia mbali. Jioni anaangalia tamthilia kama sisi wote. Akitokea mhusika wa namna ya mwanae anachukua rimoti anapunguza sauti mpaka mwisho, majirani wasije wakasema anapenda mambo hayo. Haondoki. Anaangalia bila sauti. Na mara nyingi anachokiona pale ni nini, ni mwanaume kavaa wigi na kanga anatembea kwa kujibinua watu wacheke, maana hicho ndo kichekesho chetu cha siku zote kwenye vibanda umiza na kwenye simu. Mimi hicho kichekesho nimekichoka na nasema wazi, sio kwamba watu wasicheke, watu wacheke, ila kuna mtu amekaa kwenye kigoda sebuleni kwake na rimoti mkononi na anayechekwa ni mwanae.

Na anaogopa kwa sababu. Mwaka 2018 si mnakumbuka pale Dar kiongozi wa mkoa alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga, serikali ikaja kusema ule ni msimamo wake binafsi, lakini hofu ilishaingia kwenye nyumba za watu, na hofu ikiingia haichagui huyu nani na yule nani, mtu wa trans anahesabiwa humohumo. Kwahiyo mkienda kuwatafuta hawa watu muwasikilize kabla ya kuandika, na lazima muende, msichukue picha, msirekodi sauti, msiandike jina wala mtaa, badilisheni kazi ya baba, badilisheni mji. Mkishaandika mrudishieni asome, na kama kuna hela ya kazi naye alipwe, ametoa kazi. Pale Coronation Street aliyemuigiza Hayley hakuwa mtu wa trans, watu wa trans walilalamika na walikuwa na haki. Ila pembeni kulikuwa na mwanamke wa trans anaitwa Annie Wallace aliyekuwa anawasaidia kuwapa uhalisia, na 2015 yeye mwenyewe akapata nafasi ya kudumu kwenye tamthilia nyingine, Hollyoaks, akiwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu jamani! Toka Hayley aingie 1998 miaka 17 ilipita katikati, sisi hatuna sababu ya kusubiri zote hizo ila pia sitawaambia mumuweke mtu mbele ya kamera leo halafu nyie mrudi hosteli yeye arudi mtaani peke yake.

Mwisho binti mmoja aliuliza, mwalimu Bodi ya Filamu itapitisha? Nikamwambia mwanangu sheria ipo, ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976, kibali lazima, na siwezi kukudanganya kwamba ukipeleka hadithi ya Zuhura watakupigia makofi. Lakini hadithi ya Mama Shabani unaweza ukaianza. Mama, daftari la kikoba, siku ya kuandika majina upya mwaka mpya na katibu anauliza nikuandike nani. Zuhura hata asionekane kwenye fremu, awe kwenye simu tu inayoita juu ya meza na mama anaangalia kama apokee mbele za watu au asipokee. Kwahiyo hiyo ndo kazi yenu ya wiki hii, kurasa tatu, mahali pamoja, hadithi iishe ndani ya lisaa limoja la mchana, marufuku mkanda, marufuku kuzimia, marufuku kaburi. Jumamosi tutazisoma hapahapa kwa sauti, na nyie mama zangu mlio kwenye vikoba naomba mje, maana hawa watoto hawajui daftari linavyoandikwa na mimi nataka waliandike sawasawa.